Mwezi Usiotaka Mkono Laini

Mpira wa tano wa plasta ulikuwa mzuri kupita kiasi, na balaa lilikuwa hapo. Fundi plasta aliuweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akajua umekataliwa kabla hajaambiwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja mkono wake ulikuwa na kazi moja tu: ukute kitu kina mabonde, ukiache kimenyooka. Kuta, dari, nguzo, ngazi za watu asiowajua. Hakuna hata ukuta mmoja uliowahi kuandikwa jina lake. Sasa, wiki tatu kabla ya kustaafu, ukumbi wa sayansi ulimwahidi jambo: mfano wake wa mwezi mkubwa wa sayari ya Mirihi ukikubaliwa kabla ya Ijumaa, kibao kitakachokaa chini yake kitakuwa na jina la fundi. Leo ilikuwa Alhamisi, saa tisa imeshapita.

Mtaalamu wa sayari, binti wa rika la kitindamimba wake, aliingia na makaratasi kwapani. Akauzunguka mpira.

"Mzee wangu, hili ni chungwa."

"Wa jana ulisema yai."

"Yai lilikuwa afadhali." Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, naye yu hoi.

Juu ya ngazi, shemeji yake fundi alikuwa akipaka dari rangi nyeusi. "Mwambie afumbe macho," akasema. "Ndivyo alivyomchagua dada yangu."

"Aliyefumba ni dada yako," fundi akajibu bila kuinua kichwa. Kisha akamgeukia binti. "Hebu nieleze tena. Kwa nini mwezi wa kwetu ni mviringo na huu sivyo?"

"Wa kwetu ni mkubwa. Uzito wake unavuta kila kitu katikati mpaka vilima vinashuka. Huu ni mdogo, kilomita ishirini na kitu. Hauna nguvu ya kujivuta. Unabaki ulivyotokea."

"Na ulitokeaje?"

"Hatuna hakika. Wengine wanasema ni jiwe lililokuwa likijipitia, likanaswa. Wengine wanasema kitu kikubwa kiliigonga Mirihi, vipande vikaruka, vikazunguka weee, vikakusanyika polepole."

"Nani alivishikanisha?"

"Hakuna. Vilikutana tu."

"Bila fundi."

"Bila fundi, mzee wangu." Akainuka. Angerudi saa kumi na moja kufunga ukumbi.

Fundi alibaki na magoti yake yanayouma. Ili kazi itoke na mabonde, alishajaribu mkono wa kushoto. Alishajaribu glavu. Alishamwomba shemeji ampige kikumbo. Lakini kila mara, plasta haijakauka, mkono ulirudi kupapasa kama ulimi kwenye jino bovu.

Akachukua nyundo, akaivunja mipira yote mitano.

Shemeji akashuka vidato viwili. "Uchovu umekupanda kichwani?"

Fundi akavuta gunia tupu. Alitia vipande kwenye gunia, akalitikisa, akavimwaga juu ya waya wa kuku, akamiminia uji wa jasi. Kila kipande kikakaa kilipoangukia. Kisha akampa shemeji mwiko wake wa kulainishia plasta.

"Panda nao. Nikiuomba, usinipe."

Dakika kumi hazikufika. "Shemeji, nipe mara moja tu. Hapo pembeni."

"Sikupi."

"Pana kishimo."

"Kiache na maisha yake."

Fundi akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Binti aliporudi alimkuta hivyo hivyo. Akauzunguka mwezi mara moja, mara ya pili. Akagusa ufa mmoja kwa ncha ya kidole.

"Ndio huu," akasema, akatoa kalamu. "Kwenye kibao niandike jina lote au la kwanza?"

Fundi akalitazama lile lundo: mabonde, vinundu, ufa unaopita ubavuni. Hajawahi kuondoka mahali akaacha kazi ya namna ile. Mafundi wenzake wangekuja na wajukuu, wangesoma, wangesema mzee kaishiwa.

"Jina haliwezi kukaa kwenye ukuta wa nyuma? Ule nao niliupiga mimi."

"Ukuta hautazamwi na mtu, mzee wangu."

"Ndiyo maana ni mzuri."

Binti alingoja, kalamu hewani. Huko juu hata brashi ilikuwa imetulia.

"Andika lote," fundi akasema mwishowe, mikono bado ameikalia. "Ila chini yake, kwa herufi ndogo, weka kwamba niliagizwa hivyo."