Taa za Jumbe

Jumbe, mtu mzima ovyo, alipenda taa kupita kiasi. Pikapu yake ya kubebea samaki wa Gazi aliifungia spotilaiti nne mbele, na kila akipishana na mtu huziwasha na kuzizima, pa! pa!, ajulikane kuwa ni yeye. Mpwa wake Swabir, fundi umeme wa magari kule Ukunda, alimwekea kidude cha kuziwasha taratibu.

“Mjomba, taa ikiwa baridi huvuta umeme kwa pupa. Pupa ile huunguza vyuma vya ndani ya relei, kile kiswichi kinachopitisha umeme wa taa, na siku moja vitagandana.”

Jumbe akaona taa zinachelewa kuwaka, zinamtia aibu. Akakikata kidude kwa koleo, wala hakumwambia mtu.

Magharibi moja Jumbe na Swabir walikuwa wakirudi Ukunda pamoja. Pikipiki ikatokea mbele, Jumbe akaisalimia kwa taa. Zikawaka, zisizime tena. Akaibofya swichi, akaipiga ngumi, wapi! Mwendeshaji, kijana aitwaye Tsuma, akaziba macho kwa mkono, akatumbukia mtaroni, mfupa wa mguu ukatokeza nje.

Wenzake wa bodaboda wakaja mbio kutoka njia panda. “Zima taa, mbwa we!”

“Zimeganda, jamani! Wallahi zimeganda!”

Nani wa kumsadiki? Hakuna hata mmoja wao ambaye hajapata kupofushwa na taa zile. Wakaona anawafanyia jeuri. Jiwe likavunja kioo, jingine likampasua paji la uso. Wakamvuta nje kwa kola, wakamshindilia mateke mpaka meno yakamtoka. Jumbe aliogopa, aliogopa kweli. Alijua taa zisipozimika atafia pale pale.

Swabir akaruka nje, akafungua boneti kwa bisibisi, akaing’oa relei, nayo ya moto inamchoma vidole. Taa zikafa. “Zimezima!” akapiga kelele, akageuka na bisibisi yake mkononi.

Wao waliiona bisibisi tu. Rungu likamshukia kichwani mara moja, na mara moja ikatosha.

Jumbe akatambaa mpaka alipolala mpwa wake, akamtikisa, akamwita. Roho ilikuwa imeshamtoka.

“Si mlisema azime?” akawaambia, damu inamchuruzika kinywani. “Kazima! Sasa mbona mmeacha? Nipigeni mimi!”

Mwenye rungu akaliangusha chini. Jumbe akawasihi tena wampige, na hakuna aliyeinua mkono.