Swali Lisilosemeka Mbele ya Mkwe

Tusizungushe maneno, maana kuzungusha maneno ndiko kulikoleta balaa yenyewe: siku ile mjinga alikuwa Sukari, na hata ukimuuliza leo hakatai. Atakuna kichwa, atacheka, atakwambia, "Wajinga ndio waliwao, lakini mimi nilijila mwenyewe, tena bila chumvi."

Sukari alikuwa mkalimani wa hospitali, katika mji wenye lugha yake, ambako watu wa Kiswahili walikuwa wachache na kila aliyeugua alihitaji mtu wa kumsemea. Jina hilo alipewa kazini, kwa sababu neno chungu likipita kinywani mwake lilitoka tamu. Mgonjwa akisema anakojoa damu, Sukari humwandalia daktari "haja ndogo iliyobadilika rangi". Daktari akiuliza bila kupepesa macho, "Mara ya mwisho ulilala na mumeo lini?" Sukari humgeukia mama wa watu na kusema, "Daktari anaulizia habari za nyumbani." Mama naye huangalia dirishani, hunyoosha vidole viwili, na mambo huisha kwa heshima.

Alijivunia ufundi huo. Kwenye chumba cha chai alikuwa hakamatiki.

"Kila lugha ina pazia lake," aliwaambia wenzake. "Wapo ambao kwao mtu haendi chooni, huenda mahali ambapo hata mfalme hufika kwa miguu. Wapo ambao mwanamke akiingia mwezini husema shangazi amekuja kutembea. Sisi tunasema yuko kwenye siku zake, kana kwamba siku nyingine zote ni za jirani. Nguo ya ndani, vijana wetu wanaiita kufuli, ila hawasemi ufunguo anao nani."

Watu walicheka, isipokuwa mkalimani mwenzake, mwanamke mtu mzima waliyemwita Bi Mkavu kwa ukavu wa macho yake. Yeye alikuwa akitaja kila kiungo cha mwili kwa jina lake, kama mtu anayesoma bei sokoni.

"Pazia ni zuri, Sukari," alimwambia. "Lakini kuna siku mtu anahitaji kutoka mbio, na wewe utakuwa umemfunika mlango."

Siku yenyewe ilikuja asubuhi, na aliyeletwa kwenye kiti cha magurudumu, jasho likimtiririka na mkono umeshika kifua, alikuwa baba mkwe wa Sukari.

Huyu mzee alikuwa fundi makochi. Alikuwa amekuja na mkewe kuishi kwa binti yao, akajitengea pembe ya gereji, na humo alivua makochi ya watu vitambaa na kuyavika upya. Haya aliyokuwa nayo ilikuwa ya kiwango cha juu. Runinga ikionyesha tangazo la sabuni ya kuogea, mwanamke ana povu mabegani, mzee huinuka na kwenda nje kuangalia kama amefunga gari. Gari hana. Yeye na Sukari walikuwa wamekaa nyumba moja miaka, na mazungumzo yao yote yalihusu mvua, bei ya sponji na misumari. Walipendana sana kwa namna hiyo.

Bi Mkavu alimwona mzee akipita, akamshika Sukari mkono. "Kanuni unaijua. Ndugu hamsemei ndugu. Niachie mimi."

"Huyo ni mkwe wangu, Bi. Wewe utamuua kwa aibu kabla moyo haujamuua."

"Aibu haijawahi kuua mtu."

"Hujamwona huyu."

Mkewe Sukari naye alikuwa amekwisha kumwapisha palepale mlangoni: baba yake asiachwe mikononi mwa watu baki. Basi Sukari akachomekea shati, akaingia. Dakika hiyohiyo Bi Mkavu aliitwa wodi ya wazazi, ambako pacha wa pili alikuwa amelala kikingamo, na huko simu huzimwa.

Mzee alilazwa, akabandikwa nyaya kifuani, akapewa kidonge cha kutafuna. Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka isiyo na kelele. Sukari alifasiri vizuri sana mwanzoni. Kifua kinabana? Kinabana, kama mtu amekikalia. Maumivu yanaenda wapi? Yanapanda tayani. Hapo kila mtu alimfurahia.

Kisha daktari akachukua kichupa kidogo cha dawa ya kupuliza chini ya ulimi, akakishika bila kukifungua.

"Hii italegeza mishipa, itampunguzia maumivu," alisema. "Lakini kwanza muulize: tangu jana, ametumia dawa ya nguvu za kiume? Kama ametumia, nikimpa hii damu itashuka ghafla, na huenda nisiweze kuipandisha. Nataka jibu la ndiyo au hapana."

Sukari alielewa kila neno. Ajabu ya mambo ni kwamba kwa lugha ya daktari sentensi ile ilikuwa nyepesi kama karatasi. Alipoigeuza kichwani iwe Kiswahili, ikawa jiwe la kusagia. Alimtazama mzee. Mzee alimtazama.

"Baba," alianza, "daktari anauliza kama umetumia dawa yoyote ya... kujiimarisha."

"Nimekunywa uji."

"Si uji, baba. Dawa ya mambo ya... faragha."

Mboni za mzee zilihama kutoka kwa Sukari zikaenda darini, zikatafuta mahali pa kukaa. "Sina mambo ya faragha," alisema. "Mimi ni fundi makochi."

"Anasema nini?" daktari aliuliza.

"Tunakaribia," alijibu Sukari. Akajifuta shingo. "Baba, nisamehe. Anaulizia mambo ya unyumba. Kama kuna kitu ulichomeza cha kusaidia... cha kumsaidia... unajua wale wanaosema jogoo hapandi mtungi..."

"Sifugi kuku," mzee alisema, na akageukia ukuta.

Alikuwa ameelewa. Hilo Sukari aliliona wazi, kwa sababu masikio ya mzee yalikuwa yamebadilika rangi, na hakuna mtu ambaye masikio yake hubadilika rangi kwa ajili ya kuku. Alichokuwa akikataa si swali. Alikuwa akimkataa muulizaji.

"Anasema nini?" Sasa daktari alikuwa amesogea.

"Anasema hafugi kuku."

"Kwani mimi nimeuliza habari za kuku?"

"Hapana, daktari."

"Sasa kuku wameingiaje hapa?"

Jaribu kumweleza mtu jogoo na mtungi wakati mashine inalia pembeni. Sukari alikuwa na lugha nne kichwani, na zote nne zilikuwa zimekaa chini, zimekunja mikono, zinamtazama yeye.

Akakumbuka simu. Hospitali ilikuwa na laini ya wakalimani wa mbali, kwa dharura kama hizi. Akaipiga. Sauti nyororo ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana, kisha ukaanza muziki wa kinanda, ule wa kumlaza mtoto. Akaiweka mezani ikiendelea kupiga kinanda chake. Daktari aliitazama simu, akamtazama Sukari, akaamua kujitegemea. Aliinama mbele ya mgonjwa na maneno mawili ya Kiswahili aliyoyaokota kazini.

"Dawa?" alisema. Kisha akapigapiga godoro. "Kitanda?"

Mzee alishtuka, akavuta shuka mpaka kidevuni. "Mwanangu, mwambie mama huyu nimeoa."

Wakati mwingine Sukari angeanguka kwa kicheko. Safari hii alihisi kulia. Mzee alikuwa akihema kwa vipande, midomo imekauka, na bado amekishikilia kile kiheshima chake kama abiria aliyeshikilia tiketi ya gari lililokwisha kuondoka.

"Baba," alisema tena, na sauti yake ilipasuka, "hili si la kuficha. Nijibu tu, ndiyo au hapana. Sitamwambia mtu."

Mzee akafumba macho. "Hapana," akajibu. "Mwambie hapana, mwanangu mpenzi."

Na hapo ndipo Sukari alipoingiwa na baridi. Kwa miaka yote ile mzee hakuwahi kumwita mpenzi. Mtu wa haya akikulainikia ghafla, kuna kitu anakuomba usikione.

"Amejibu?" Daktari alikwisha kung'oa kifuniko.

Kazi ya mkalimani ni kusema kilichosemwa. Kilichosemwa ni hapana. Sukari angelitamka tu hilo neno moja, fupi, safi, lisilomwaibisha mtu, na jambo lingekwisha, na pengine mzee naye.

"Hajajibu," alisema. "Usimpe. Nakuomba, usimpe. Narudi sasa hivi."

Kwenye ujia, mkewe na mama mkwe walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mama amekumbatia mkoba wake kama kuku wa kupewa. Sukari alimvuta mkewe kando.

"Mama watoto, muulize mama kama baba ametumia... kile kitu."

"Kitu gani?"

"Vile vidonge. Vya... wazee."

"Vya presha?"

"Si presha! Vya kuamsha... vya usiku."

Mke alimkodolea macho. Kisha likamwingia, na akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto. "Una wazimu? Nimuulize mama yangu mambo hayo? Hapa? Kamuulize wewe!"

"Mimi ni mkwe!"

"Na mimi ni mtoto! Wewe si ndiye bingwa wa maneno? Si ndiye unayetamba kwamba hujawahi kumwaibisha mgonjwa? Haya, bingwa, tuambie."

"Daktari anataka kujua sasa hivi, mke wangu, sasa hivi!"

"Basi tafuta neno!"

"Nimeyatafuta yote! Yamekwisha!"

Walikuwa wakipigana kwa minong'ono, ile minong'ono inayosikika ghorofa ya chini. Mama mkwe akasimama. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye viatu vya mpira na kilemba kilichofungwa kwa haraka.

"Mnanong'ona nini? Amekufa?"

"Hapana, mama," wote wawili walijibu.

"Kama hajafa, semeni. Na kama anakufa, semeni upesi."

Sukari alimtazama huyu mama ambaye kwa miaka yote alimsalimia akiinamisha uso. Alitafuta pazia la mwisho, hata kipande. Hakukuwa na kitu. Basi akafumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu, akasema:

"Mama, tangu jana, baba ametumia dawa ya nguvu za kiume? Akiwa ametumia, dawa ya daktari itamuua."

Mkewe alijifunika uso kwa mikono miwili. Mhudumu aliyekuwa akisukuma kitanda alipita bila kugeuka, maana hakujua Kiswahili, na sakafu ilibaki palepale. Hakuna kilichoanguka.

"Ametumia," mama alisema. "Jana jioni, baada ya kula. Ananunua kwa yule kijana wa duka la pembeni, anadhani sijui. Anaificha kwenye mtungi wa gundi ya makochi." Akaubana mkoba kwapani. "Nipishe."

Aliingia chumbani mbele ya Sukari. Sukari akamgeukia daktari, na safari hii maneno hayakuvaa nguo hata moja. Ndiyo. Jana jioni. Kwa siri. Daktari alikirudisha kile kichupa kwenye trei, mbali na mkono, akamwagiza muuguzi dawa nyingine. Ikachomwa kwenye mshipa. Walisubiri wakiangalia mistari ya mashine ikirukaruka. Polepole pumzi za mzee zikaanza kushikana, kipande na kipande, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu. Kwenye meza, kinanda kilikatika, na sauti ya mtu wa mbali ikasema, "Karibu, nikusaidie nini?" Sukari alikata simu.

Daktari alitoka kuandika maagizo. Kabla ya kupita mlangoni alisimama karibu na Sukari. "Wakati mwingine," alisema, "aje yule mkalimani mwenzako." Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana liliuma.

Walipobaki wenyewe, mzee alifumbua macho. Alimwona mkwewe amesimama ukutani. Alimwona binti yake mlangoni, anasoma bango la kunawa mikono kwa bidii ya mtu anayejiandaa na mtihani. Kisha akamwona mkewe kando ya kitanda, na nguvu zote alizorudishiwa na ile sindano akazitumia kukasirika.

"Umesema," alimwambia.

"Nimesema."

"Mbele yao."

"Mbele yao, na mbele ya yule mrefu wa koti jeupe. Angekuwepo na mwingine naye angesikia."

"Baba, tafadhali pumzika," Sukari alisema. "Hapa hakuna aliye..."

"Wewe nyamaza, na kuku wako!" Mzee alijaribu kuketi, nyaya zikamrudisha. "Miaka yote nimeishi katika nyumba ile bila kupita sebuleni na fulana. Bila hata kupiga chafya kwa sauti! Leo mke wangu mwenyewe, niliyemwoa, amenivua nguo mbele ya mkwe wangu. Nitamtazamaje huyu kijana mezani? Nitamtazamaje binti yangu? Bora ungeniacha nife na heshima yangu!"

Binti alilisogelea bango zaidi. Mama aliweka mkoba wake kwenye kiti, akaivuta shuka iliyokuwa imeteleza, akamfunika mumewe hadi kifuani, akaibana pembeni vizuri kama watu wanavyombania mtoto. Kisha akamwinamia.

"Mume wangu," alisema, "afadhali nikuvue nguo mimi leo mbele ya mkweo, nawe una mdomo wa kunitukana, kuliko wakuvue waosha maiti kesho, na wewe umewanyamazia."