Vifungo Ngozini

Tusekile alikata ngozi kwa wembe, kipande kisichozidi punje ya mchele, akakidondoshea jiki na kusubiri. Povu likapanda. Nyama ilianza kuyeyuka taratibu kwenye kijisahani cha kioo, na harufu yake ikawa kali hata akafungua dirisha la maabara ya shule. Ukungu wa Tukuyu ukaingia bila hodi.

"Dakika ngapi?" aliuliza Meshaki, mkuu wake wa idara, akiwa mlangoni na koti lililolowa mabegani.

"Kumi, bosi. Halafu nisuuze mara tatu."

"Gari la polisi linaondoka saa nane kwenda Mbeya. Tuandike, tumalize."

Tusekile alikuwa afisa uvuvi msaidizi, na kwa miaka tisa uvuvi wake ulikuwa mabwawa. Alijua perege na kambale. Alijua ni nani kule Kawetele anayemwaga pumba nyingi mpaka maji yanaoza. Bahari aliiona mara moja tu, alipokuwa chuoni, kwa siku mbili. Lakini jana yake askari wa kizuizi cha barabarani walishusha gunia kutoka kwenye basi lililokuwa likielekea mpakani Kasumulu, na ndani yake wakakuta vitu vyeusi, vikavu, vilivyojikunja kama soli za viatu vilivyoungua. Mwenye gunia alisema ni majongoo bahari ya kufuga, akatoa kibali. Kibali kilitaja aina moja tu, jongoo mchanga, ndiyo inayofugwa. Ya kufuga yanaruhusiwa kusafirishwa. Ya kuvuliwa hovyo, hapana. Ofisi nzima hapakuwa na mtu wa kuyatofautisha. Kilichomleta Tusekile mbele ya hadubini hii ni lile neno "uvuvi" katika cheo chake.

Usiku alikuwa amesoma mwongozo kwenye simu hadi chaji ikaisha. Ngozi ya jongoo bahari, ulisema mwongozo, imejaa vifupa vya chokaa visivyoonekana kwa macho. Jiki hula nyama na kuviacha. Jongoo mchanga ana vifupa mfano wa vimeza vyenye miguu, na vifungo vyenye vinundu, mfano wa vifungo vya shati. Wengine wana vijiti na vijiua tu.

Akainama. Akazungusha gurudumu la hadubini mbele na nyuma. Maji meupe, na vumbi kidogo. Hakuna kitu.

"Basi siyo yenyewe," Meshaki alisema. "Andika haifanani na kibali."

"Sijaona inayofanana wala isiyofanana, bosi. Sijaona chochote."

"Kutoona chochote ni jibu."

"Siyo jibu langu."

Akatoka nje. Barazani, kando ya askari, aliketi mwenye gunia, Kuruthumu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mtandio umemkaza kichwani. Alizaliwa Bulyaga, hapo hapo mjini, akaolewa Kilwa. Huko yeye na wenzake kumi na mmoja walikuwa na vizimba baharini, na gunia hili lilikuwa mavuno yao ya kwanza. Likikataliwa, yeye angepelekwa Mbeya na kikundi kingenyang'anywa kibali.

Tusekile akachuchumaa mbele yake. "Mama, mkishayavuna, mnayafanyaje?"

Kuruthumu alimtazama kwa uchovu wa mtu aliyeulizwa mengi tangu jana. "Tunapasua, tunatoa matumbo, tunachemsha. Tunayafukia mchangani mpaka kesho yake. Tukiyafukua tunasugua na majani ya mpapai."

"Mnasugua nini?"

"Ile chokaa ya juu. Isipotoka mnunuzi hayataki."

Tusekile akashika ukingo wa baraza. Chokaa! Walikuwa wameusugua ushahidi wenyewe, kwa bidii, kwa mikono yao.

"Inatoka yote?"

"Mikono nayo inachoka, mwanangu. Kwenye mikunjo ya mdomoni inabaki, na kule nyuma."

"Ndaga, mama," alishukuru Tusekile kwa Kinyakyusa, tayari amesimama.

Safari hii alichimba ndani ya mikunjo. Jiki, dakika kumi, maji, maji, maji. Alipoinama, vilikuwepo. Vifungo! Vimetapakaa kila upande, vyeupe kama barafu, kila kimoja na matundu yake mawili mawili na vinundu vyake, na kati yao vimeza vidogo vilivyopinduka miguu juu.

Meshaki naye akachungulia, akacheka kwa furaha. "Haya! Andika inafanana."

"Hilo ni moja. Napima kumi, ya juu, ya katikati na ya chini."

"Tusekile, gari!"

"Gari lina dereva, bosi. Litasubiri."

Saa nane ikapita. Mgongo ukamuuma, vidole vikababuka kwa jiki. Tisa yakatoa vifungo. La kumi likatoa vijiti, na vijiua vidogo vyenye matawi. Akakata mahali pengine. Vijiti. Akakata mara ya tatu, safari hii akitamani kabisa akosee. Vijiti.

Meshaki akashusha sauti. "Si ulitoe tu? Nani atajua?"

Tusekile akaenda mlangoni. Akamwita Kuruthumu ndani, akaliweka lile la kumi mezani. Mama yule hakuhitaji hadubini.

"Hayo yaliingia kizimbani yenyewe," alisema polepole. "Nikawaambia wenzangu tuyarudishe. Wakasema, kwa machache haya?"

"Yako mangapi?"

"Matatu."

Akapiga magoti kwenye sakafu, akaingiza mikono guniani bila kutazama, akipapasa migongo ile mikavu. Akatoa moja. Baada ya kitambo, jingine. Tusekile akayapima yote mawili, akaona vijiti na vijiua, kisha akaandika kwa mkono wake: gunia ni jongoo mchanga kama kibali kinavyosema, isipokuwa matatu, ya aina nyingine, yameondolewa. Akatia saini. Meshaki alisoma mara mbili, akahema, akasaini chini yake.

Askari akapeleka karatasi nje, akapiga simu, akarudi. Yale matatu yangebaki kituoni, na Kuruthumu angeandika maelezo. Gunia lingeendelea na safari.

"Ungeweza kuniachia tu," Kuruthumu alimwambia Tusekile, sauti yake haina hasira wala shukrani.

"Ningeweza, mama."

Wakatazamana. Kisha Tusekile akasogeza kiti, akarudisha kioo cha kwanza chini ya hadubini. "Njoo uone."

Kuruthumu akaukunja mtandio, akainama, akafumba jicho moja.

"Vifungo hivi ndivyo tunavyovisugua?"

"Ndivyo."

Askari alikohoa mlangoni, funguo mkononi. Kuruthumu hakuinua kichwa. Mkono wake ulipapasa pembeni ya hadubini, ukitafuta gurudumu.