Kilio cha Celso

Celso alipozikwa, mwanawe Ottavio alirudi kwenye tamthilia aliyokuwa akiiandika juu ya wazazi wake, akakwama palepale alipokuwa amekwama: onyesho la mwisho. Waigizaji walikuwa wameshajua sehemu nyingine zote, wanasubiri hilo tu.

Celso na mkewe Ersilia walikuwa nyota wa filamu za kimya. Watu wazima wa Turin walikuwa bado wanakumbuka Celso akiwa na sare ya askari, amepiga magoti kwenye kituo cha treni akimuaga Ersilia, analia mpaka ukumbi mzima unatoa vitambaa. Ottavio alitaka tamthilia iishie hapo, na alikuwa amemwandikia baba yake maneno ya kuaga, ukurasa mzima. Mama yake, ambaye uzee ulikuwa umemziba masikio, aliusoma akacheka.

"Umemfanya baba yako wakili! Celso gani huyu?"

"Sasa alisema nini, mama?" Ottavio alitamka polepole ili amsome midomo.

"Nani anakumbuka? Tulikuwa tunasema lolote, mradi midomo icheze. Siku nimevishwa taji la malkia tuligombana juu ya vitunguu. Viziwi wa mjini, waliosoma midomo yetu, ndio waliotuumbua. Wenzao wanalia, wao wanacheka!"

Ottavio akaiazima filamu hiyo ya kituoni kwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha sinema, akatundika shuka jikoni. Projekta ikaanza kukwaruza. Celso akatokea, kijana, masharubu yanang'aa kwa mafuta. Ersilia akasogeza kiti karibu na shuka.

"Anasema nini?"

"Magoti yamelowa. Anasema fanya haraka, Ersilia, dada yangu amepika polenta, itapoa." Akacheka. "Tumbo lake hilo!"

Pale kwenye shuka Ersilia msichana aliinama, akasema jambo fupi. Ersilia kikongwe akaacha kucheka.

"Ni hapa," akasema. "Miaka yote nilidhani nilimwambia jikoni."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba nina mimba, wewe ukiwa tumboni. Tulishazika mtoto mmoja, Ottavio. Niliogopa. Mbele ya kamera asingeweza kuinuka akaondoka."

Kwenye shuka uso wa Celso ukavunjika, machozi yakamiminika.

"Mwongozaji alitaka tukirudie kipande hicho. Tulirudia kutwa, baba yako hakutoa hata chozi. Anacheka tu, mpumbavu yule." Akajifuta macho kwa ncha ya aproni. "Rudisha nyuma, nimwone tena."

Ottavio akarudisha, mara ya pili, na ya tatu. Kisha akauchana ule ukurasa.

Usiku wa kwanza wa tamthilia, mwigizaji alipiga magoti jukwaani. Mwenzake akainama, akamwambia bila sauti maneno yaleyale ya Ersilia, kama Ottavio alivyomwelekeza. Hakuna aliyesikia kitu. Yule mwanamume akalia, na vitambaa vikaanza kutoka mifukoni, safu kwa safu.

Mbele kabisa, kikongwe mmoja aliyevaa nguo za msiba akaangua kicheko. Watu wakamgeukia kwa hasira. Ottavio, aliyesimama nyuma ya pazia, hakuwaona wao. Alikuwa anamsikiliza mama yake.