Ubeti wa Pili

Mwalimu wa kwaya yetu, kila akitaka kusoma kitabu cha nyimbo, alikisogeza mbali na uso mpaka mkono ukamwishia. Miwani hakuitaka kabisa, alisema itamzeesha. Mwishowe mkewe alimburuta hospitali, daktari akamtoa lenzi zilizochoka ndani ya macho na kumwekea za bandia, za kuonea mbali na karibu.

Baada ya mwezi alirudi mazoezini kifua mbele. Akafungua kitabu, nasi tukaanza wimbo wetu mkubwa, ule tunaoombwa kila harusi. Kufika ubeti wa pili, akapiga meza kwa rula.

"Acheni! Hapa pameandikwa 'mioyo yenu iungane.' Nyinyi mnaimba 'miguu yenu iungane.' Nani kawafundisha upuuzi huu?"

Tukatazamana. Mkewe, anayeimba sauti ya kwanza, ndiye aliyejibu. "Si wewe, baba watoto? Mwaka wa tisa huu."

Mwalimu alijishika kichwa. "Na hakuna aliyeshtuka?"

"Sisi tulijua ndivyo inavyotakiwa," akasema mzee wa besi. "Si harusi?"

Kwaya nzima iliangua kicheko. Mwalimu alinuna, akatukaririsha "mioyo" jioni nzima.

Jumamosi harusini tuliimba "mioyo" kwa adabu zote. Lakini wageni walishauzoea wimbo ulivyokuwa, wakapaza "miguu" mpaka sauti zetu zikamezwa. Mwalimu aliwatazama, akamtazama bibi harusi aliyekuwa akiimba nao, kisha akafunga kitabu na kuwafuata.