Uyoga ya Ukwaju

Mama yangu, Concy, alikuwa na tumbo kubwa kama mwanamke wa mimba, na mimba haikuwa. Ilikuwa maji. Kule hospitali, Arua, walichoma sindano, maji ikatoka ndoo nzima, rangi ya chai ya rangi. Daktari, kijana tu, pengine miaka yangu, akasema ini imeharibika sana. Akatoa vidonge ya kukojoza maji. Mama ameze kila siku, asiache, akiacha maji inarudi mbio. Nikamuuliza, akimeza atapona? Akaanza kufuta miwani yake. Mimi sikusoma sana, shule niliacha darasa la sita, lakini hiyo jibu nilielewa.

Tukarudi Koboko, kwa nyumba yenye baba alituachia. Dada yangu Kiden ndiye anakaa na mama. Mimi napakia mizigo Vurra, pale forodha, malori ya kuingia Congo. Kukaa nyumbani siwezi, miguu inaniwasha. Nilikuwa nakuja tu kama iko lori inapanda upande hiyo.

Mama alikuwa na dawa yake kichwani. Uyoga. Si ile ya kula, yenye inatoka kwa kichuguu mvua ikianza. Hii ni ngumu kama mbao, inashika mti kama sikio, juu nyekundu inang'aa kama mtu amepaka vanishi, chini nyeupe. Inaota kwa kisiki ya ukwaju nyumbani kwao, Ayivu, ukwaju yenye radi ilipiga mama akiwa bado msichana. Alitulea na habari ya hiyo uyoga. Unachemsha kwa tumbo ya kufura, kwa macho ya manjano, kwa kifua. Unasaga, unga unaweka kwa kidonda inakataa kukauka. Bibi aliweka hiyo unga kwa kitovu ya watoto wake wote. Ukitaka asali unachoma kipande, moshi yake inalaza nyuki. Arua mjini watu wanauza uyoga ya pakiti, ya kukoroga kama kahawa, na spika inapiga kelele inatibu sukari, presha, mpaka mwanaume wa kushindwa kitandani. Nilitaka kuleta hiyo. Mama akacheka, akasema hiyo haina mti, nani anajua imetoka wapi.

Ya kwake iko na masharti. Inakatwa na mtu wa kwao, si wa upande ya mume, na inakuja na gome ya mti bado imeshika, mgonjwa aone. Tena haikai tumbo moja na dawa ya hospitali. Ukichukua hii, ile unaacha.

Nikapigia simu mjomba Ayiko, ndugu ya mama, yule alibaki kwao Ayivu, nikamwomba uyoga. Akaniuliza mara mbili kama ni ya ukwaju kweli, nikafikiri ni network. Halafu akasema nipitie kesho kutwa.

Mjomba ni mtu wa kelele na chakula. Haijatokea niende kwake nisile. Siku hiyo alinisubiri barabarani, kwa njia panda, na baiskeli yake na mfuko ya plastiki, vumbi ya tofali imemjaa mpaka kwa nyusi. Nikamwambia niko na njaa.

"Wewe sura ya Koboko, tumbo ya Ayivu," akasema. "Leo kula kwenu. Dawa haitaki kukaa njiani."

Nikafungua mfuko. Uyoga kubwa, ngumu. Gome hapana. Akasema ilianguka wakati anakata. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi, nikapanda.

Koboko, mama alishika moja akainusa muda mrefu. Akaigeuza. Akauliza gome. Nikasema ilianguka. Akaniangalia, akasema sawa, Ayiko amehangaika. Akamwambia Kiden achemshe, na vidonge apeleke chumba ingine, asiione tena.

Siku za kwanza ilikuwa kama Krismasi. Mama alikaa nje, akasuka nywele ya Kiden, akataniana na majirani wale walikimbia vita kutoka Yei, Sudan, mmoja akamwambia kwa hii sura utatafutiwa bwana. Alikuwa analala usiku mzima bila kuamka kuamka. Kiden akaanza kuimba akifua nguo. Mimi mwenyewe, mtu wa kubishana na kila kitu, niliamini.

Halafu miguu ikafura. Ukibonyeza na kidole, shimo inabaki. Halafu tumbo. Halafu pumzi, mpaka akawa analala amekaa. Nikaleta vidonge na maji, nikasema mama, meza. Akasema uyoga inakataza. Nikasema basi twende Arua, nitatafuta gari. Akasema mkinipandisha gari, nitaruka. Nikapiga mlango teke. Akasema niache huo mlango, ni ya baba yangu. Uyoga ilikuwa imekwisha, nikafikiri pengine haikutosha. Nikapanda lori ya kwanza yenye nilipata, kutafuta ingine.

Safari hiyo sikupiga simu. Nikachukua boda mpaka ndani ya boma ya mjomba. Tofali imepangwa kila mahali, nyekundu, imeiva vizuri. Tanuru ya kuzichoma wameshabomoa. Na pale kisiki ilikuwa, iko shimo. Maji ya mvua imejaa, bata anaogelea.

Mjomba alitoka ndani anatafuna muhogo. Akaona naangalia shimo, akaacha kutafuna.

Alianza mwenyewe. Tanuru ukishawasha, huwezi kuacha izime katikati, tofali yote inabaki mbichi, inavunjika kama mkate, kazi ya kiangazi yote imeenda. Moto ilikuwa ndani, kuni ikaisha, na mwenye aliahidi kuleta ingine hakuonekana. Wakazunguka boma wanatafuta kitu ya kuchoma. Walichoma mpaka mlango ya choo. Halafu wakaleta shoka kwa kisiki. Mizizi iliwaka mpaka asubuhi. "Inashika moto kama makaa ya fundi chuma," alisema, na hata na aibu yake bado alikuwa anaisifu. Haikupita wiki, mimi nikapiga simu.

"Na yenye ulinipa?"

"Ya kalitusi. Iko kisiki nyuma ya kanisa." Akaangalia chini. "Mpwa wangu, uyoga ni uyoga."

"Aliacha vidonge."

"Vidonge gani?"

"Ya hospitali. Yenye inatoa maji. Aliacha juu ya uyoga yako."

Akakaa kwa tofali. Akasema hakujua. Akasema tena. Nilitaka kumpiga, ngumi ilikuwa imeshajikunja, lakini ukipiga mzee ameshika muhogo mkononi unapata nini? Akasema hii tofali, nichukue yote, kama mama ata... Hakumaliza. Mimi sikumsaidia kumaliza. Akasimama, akaenda nyuma ya kanisa, akarudi na uyoga mbili, akaniwekea mkononi. Sijui kwa nini nilichukua.

Nilifika Koboko jua inaenda chini. Kiden alikuwa ameenda kuteka maji. Nikakaa karibu na mama, nikamwambia yote, tanuru, kisiki, kalitusi. Alisikiliza na macho imefungwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Inanuka kalitusi. Mimi nimekulia chini ya hiyo ukwaju, Taban."

"Sasa vidonge uliacha ya nini?"

Pumzi ilimkatika. Nikamwegemeza vizuri.

"Hiyo vidonge inanitoa nje usiku kucha, Kiden ananibeba kama mtoto, na maji inarudi tu. Pole pole, lakini inarudi. Yule daktari alijua. Wewe ulimwona. Nikisema nimechoka, mnalia, mnaita watu wa maombi. Nikisema uyoga inakataza, mnanyamaza."

Nikasema tunaweza kuanza tena, leo, vidonge bado iko. Akasema, "Iko." Hiyo tu. Nikaenda chumba ingine nikaleta, nikaweka kwa kiti mbele yake. Hakuangalia. Akauliza kama Ayiko alimaliza kula wakati namwacha. Nikasema hapana. Akasema nisimwambie kwamba alijua, aibu itamla.

Halafu akaniambia nichemshe yenye nimeleta. Nikabishana. Akasema yeye hawezi kunyanyua sufuria, kama angeweza hangeniomba.

Nikawasha jiko. Kisu ilikataa, nikakata na panga. Maji ikaanza kuwa nyekundu, na sasa mimi pia niliisikia, ile harufu ya kalitusi, imejaa nyumba yote. Nilishangaa vipi ile siku sikuisikia.

Kiden akaingia na jerikani kichwani. Akaona sufuria. Akaona vidonge kwa kiti. Akanitazama.

"Hii mjomba ametoa kwa ukwaju ile ile?"

Mama alifungua macho, akaniangalia.

"Ile ile," nikasema.

Kiden akatua jerikani, akachukua vidonge, akairudisha chumba ingine.