Ng'ombe wa Bujiku Hawahesabiwi

Barua ya gombera, mkuu wa seminari, ilikuwa fupi. Method, kidato cha pili, amepata sifuri katika Kilatini. Jumatatu atarudia mtihani. Akishindwa tena, seminari haitaendelea naye.

Monika aliisoma mara moja, akaikunja na kuitia mkobani pamoja na fomu za chanjo. Kilichomkera ni ile sifuri. Mtoto akipata kumi na mbili, utasema amebahatisha akakosa. Sifuri nayo kuipata ni kazi.

"Lete daftari," alimwambia mwanawe.

Yeye alikuwa afisa mifugo wa kata, mwenye diploma yake. Kilatini hakukisoma, lakini daftari angeweza kulishika na kusahihisha kama mtu mwingine yeyote.

"Hili. Bos."

"Ng'ombe."

"Dume au jike?"

"Yeyote. Hata maksai."

"Haya, geuzageuza."

"Bos, bovis... bove?"

"Bovi! Umeandika mwenyewe hapa, na kwa mwandiko mzuri." Alisoma maelezo ya pembeni: ng'ombe anakunywa, bos; mkia wa ng'ombe, bovis; mpe ng'ombe pumba, bovi; mfunge ng'ombe, bovem. "Mnyama ni yuleyule, mwisho wa neno ndio unafuata kazi yake. Kigumu ni nini?"

Siku tatu walirudia, na siku zote tatu Method alikwama palepale, kwenye neno la tatu. Monika hakulala vizuri. Jumuiya yao ya kanisani ilichanga ikamnunulia mtoto huyu godoro na sanduku, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kutoa shukrani. Angesimama tena aseme nini?

Jumamosi asubuhi walikwenda Nkololo kwa pikipiki, Method nyuma amekumbatia boksi la barafu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mzee Bujiku kuchanjiwa ng'ombe dhidi ya kimeta.

"Mwangaluka, Guku," Monika alimwamkia babu huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimwitikia mama huyo. "Mifuko yako leo ina nini?"

"Haina kitu."

"Mwaka jana ilikuwa na punje za mahindi. Kila ng'ombe akipita unahamisha punje. Nilikuona! Mwezi haukuisha, wakafa ndama wawili."

"Walikufa kwa kupe, Guku. Nilikwambia uogeshe."

"Walikufa."

Katika boma la Bujiku ng'ombe hawahesabiwi, si kwa mdomo, si kwa kidole, na sasa hata kwa mahindi. Jioni mzee husimama mlangoni akawatambua kwa rangi na pembe, na asiyekuwepo humjua. Wilaya nayo haitaki rangi, inataka idadi kamili, na chupa za dawa hazitoshi kuthibitisha kwa sababu nyingine humwagika.

"Mimi nitawasemea maneno ya kanisani," Method alisema ghafla. "Kila anayepita, neno lake."

Bujiku alifikiri. Yeye hakuwa wa kanisa lolote. "Maneno siyo hesabu," akasema. "Sema."

Ng'ombe wakaanza kupita katika kilango chembamba cha miti. Monika alichoma sindano, Method akashika pembe na kupaka chokaa mgongoni, huku akitamka kwa sauti: bos, bovis, bovi, bovem, bos, bove, boves, boum, bobus, boves, boves, bobus. Maneno kumi na mawili, kisha akaanza upya. Fahali mmoja alimbana kwenye miti ya kilango. Method alimpiga kiwiko, akasema "boum" na kuendelea. Hakukwama. Hata mara moja hakukwama.

Monika alisikia mzunguko wa kwanza akafurahi. Wa pili akamtupia mwanawe jicho. Wa tatu ulipoisha alikuwa ameshaielewa ile sifuri.

"Huyu mtoto ana mikono ya kushika ng'ombe," Bujiku alisema wakati wa kuagana. "Mlete tena."

Walipovuka korongo na boma halionekani, Monika alizima pikipiki, akatoa fomu.

"Wangapi?"

"Mizunguko minne, na bovem."

Arobaini na nane, na wanne. Aliandika hamsini na wawili, akafunga kalamu.

"Karatasi ya mtihani uliiacha tupu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Sitaki upadre. Nataka kazi yako. Ukifeli wanakurudisha tu, hakuna anayekuuliza kitu."

"Kwa hiyo ukaona afadhali mimi niitwe mama wa mjinga?"

Method alijifuta chokaa mikononi.

"Nisikilize. Jumatatu utaandika yote kumi na mawili, na mengine yote waliyokufundisha. Matokeo yakitoka, utachomekea shati uende mwenyewe kwa gombera, umwambie ulichoniambia mimi. Aliyefaulu akiondoka, ameondoka. Aliyefeli amefukuzwa, na chuo cha mifugo hakichukui waliofukuzwa kwa uvivu."

"Na jumuiya?"

"Jumuiya niachie."

"Na godoro?"

"Godoro utalilalia huko huko chuoni. Shika boksi, barafu inayeyuka. Bado boma la Jilala, na ng'ombe wa yule wanahesabiwa kama wa watu wengine."